Dume Hapimwi

Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa korodani za kondoo. Nalisema hili wazi kwa sababu nimechoka kuona watu wazima wakitazama pembeni wakati mimi nahangaika kutafuta neno la heshima. Mimi ni mtafiti wa mifugo hapa Mwanza. Siku za kuchinja nilikuwa nafika machinjioni alfajiri, nimevaa buti za mpira, nina chombo cha naitrojeni ya kimiminika kinachofuka baridi, nangoja kondoo dume aangushwe. Nilikuwa nakata kipande kidogo kuliko punje ya harage na kukigandisha papo hapo. Ukichelewa kidogo tu umepoteza, kwa sababu kile nilichokuwa nakitafuta humo hakidumu mnyama akishakufa.

Wachinjaji waliniita mke wa madume. Walidhani sisikii. Mmoja wao alizoea kuniletea korodani juu ya sahani, ananiambia, "Mama, mchuzi wako huu hapa," na wenzake wanacheka mpaka visu vinawaponyoka. Nilikuwa namshukuru, nakata kipande changu, naandika namba ya mnyama, naondoka. Hasira ya pale ilikuwa ndogo, ya kuoga na kusahau. Nimeitaja tu ili ijulikane kwamba najua tofauti kati ya hasira ndogo na kubwa.

Utafiti wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila seli ya kondoo ina jeni zilezile, iwe ya ini, ya jicho au ya korodani. Kinachotofautiana ni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamaza. Kwenye korodani ya mwanakondoo anayenyonya, jeni za kutengeneza mbegu zimelala. Akikua, ubongo unaanza kutuma homoni, na jeni hizo zinaamka kwa zamu, moja baada ya nyingine, mpaka siku moja mbegu zinapatikana. Mimi nilitaka kujua kwa nini kwa madume wengine haziamki, au zinaamka halafu zinazimwa na joto kali au ugonjwa.

Kuna jambo moja ambalo nililieleza kwa wafugaji mara nyingi kuliko mengine yote. Korodani ina kazi mbili, na zinafanywa na seli tofauti. Kundi moja linatengeneza homoni ya kiume, ile inayompa dume shingo nene na hamu ya kupanda. Kundi lingine linalea mbegu. La kwanza linaweza kuwa zima kabisa huku la pili limekufa. Dume wa namna hiyo anapanda kila siku, anapigana na wenzake, anatisha, na hazalishi kitu. Kwa macho huwezi kumjua. Lazima apimwe.

Na dume hapimwi. Hilo nililijua Misungwi, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kondoo wengi kuliko majirani zake. Alituita yeye mwenyewe kwa sababu majike wake walimaliza msimu mzima bila kushika mimba. Nilipofika nikakuta ameshachinja baadhi yao. Aliniambia amewaondoa wale wagumba na anataka dawa ya waliobaki.

"Shikamoo mzee," nilimwambia. "Kabla ya dawa, naomba nimwone dume."

"Marahaba. Dume ni mzima. Mtazame alivyo."

Alikuwa kondoo mzuri kweli, kifua kipana, mkia mnene, amesimama kama mwenye mji. Mke wa mzee alikuwa anapepeta mahindi hatua chache kutoka pale. Alisema bila kuinua uso, "Mimi nilimwambia amwangalie huyo."

"Wewe endelea na mahindi yako," mzee akamjibu.

Nilichukua manii ya yule dume palepale, nikaweka tone kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini niliyoitegesha juu ya boneti ya gari. Mbegu nzuri zinasukumana kama dagaa kwenye wavu. Mle hamkuwa na kitu. Nikaweka tone la pili, nikaweka la tatu, kisha nikamwita mzee aje aone. Nikamwonyesha pia kioo chenye mbegu za dume wa jirani ili alinganishe.

Alitazama muda mrefu. "Lakini anapanda kila siku," alisema.

"Anapanda, mzee. Hazalishi."

Akakaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu mgumu, sikutegemea alichokisema baadaye. "Kwa hiyo wale majike niliowachinja hawakuwa na kosa."

"Hawakuwa na kosa."

"Basi nimefanya vibaya," alisema. Aligeuka kwa mke wake akarudia maneno hayohayo, safari hii kwa Kisukuma. Yule mama alitikisa ungo mara mbili na kuendelea na kazi.

Nilirudi Mwanza jioni ile nikiwa na furaha ya kazi iliyofanikiwa. Nyumbani kulikuwa na chupa ya dawa ya mizizi iliyotumwa na mama mkwe kutoka Nansio. Nilikunywa kikombe kizima, chungu kama nyongo, nikashushia maji. Nilikuwa mwaka wa nne wa ndoa na sikuwa na mtoto.

Hapa ndipo ninapojikasirikia mwenyewe, na nataka niyaseme haya kabla sijawagusa wengine. Mimi niliyekuwa nazunguka vijijini nikifundisha watu kwamba dume naye apimwe, nyumbani kwangu nilikubali kupimwa peke yangu. Nilikunywa mizizi. Nilifunga na kuombewa, wanawake wa jumuiya wakiniwekea mikono tumboni. Nilipimwa damu, nikapimwa homoni, nikapigwa picha. Mara mbili nilifanyiwa kile kipimo cha mirija ya uzazi ambapo wanakusukumia dawa kwa chini huku umelala kwenye meza ya chuma chini ya mashine. Wanakwambia utasikia maumivu kidogo. Mimi nilisikia kama mtu ananivuta nyonga kwa koleo. Mara ya kwanza nilitoka nikatapika. Mara zote mbili mume wangu alinisindikiza. Alikaa nje kwenye benchi, amenishikia mkoba, na nilipotoka alinishika mkono mpaka kwenye bajaji. Nilimwona mume mwema.

Ni mpima ardhi. Mtu mtulivu, msafi, hapigi kelele. Majibu yangu yote yalipotoka mazuri, nilimwomba naye apime. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mimi niko sawa," alisema. "Wewe mwenyewe unajua niko sawa."

Nilijua alichomaanisha. Alimaanisha kile alichomaanisha mzee wa Misungwi, kwamba anapanda. Na mimi, mwenye shahada mbili za jambo hilohilo, nilinyamaza. Niliona aibu kumwambia mume wangu maneno ninayowaambia wafugaji kuhusu kondoo. Mwaka mwingine ukapita. Kwenye harusi ya ndugu yake kule Ukerewe, wifi yangu mmoja alisema, nikiwa nimekaa palepale nakula, kwamba kaka yao amekwama, mbegu anazo ila shamba ndilo bovu. Watu wakacheka kidogo. Mume wangu alikuwa meza moja na mimi. Alitazama sahani yake.

Siku niliyojua ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nataka kuomba pasipoti na nilihitaji cheti chetu cha ndoa. Vyeti vyetu tulivitunza kwenye begi moja la ngozi juu ya kabati. Cha ndoa sikukiona, nikaanza kufungua bahasha zake: vyeti vya shule, vya chuo, barua ya ajira. Ndani ya bahasha ya vyeti vya chuo mlikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya maabara ya hospitali. Ilikuwa na jina lake.

Nadhani watu wengi wangesoma ile karatasi mara tatu ndipo waielewe. Mimi niliisoma kama ninavyosoma za kondoo, kwa kutupa jicho tu. Kiasi cha majimaji, sawa. Rangi, sawa. Mbegu, hakuna. Chini mtaalamu alikuwa ameandika kwamba sampuli imerudiwa baada ya wiki kadhaa na jibu ni lilelile. Homoni ya kiume ilikuwa ya kawaida. Nilitazama tarehe. Ilikuwa miezi mitano baada ya harusi yetu.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Kipimo cha kwanza cha mirija kilikuja baada ya tarehe ile. Cha pili nacho. Mizizi yote, mifungo yote, ile harusi ya Ukerewe. Kila kitu kilikuja baadaye.

Alirudi saa kumi, ana vumbi la kazini mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimekaa sebuleni, karatasi iko mezani, nimeinyoosha. Aliiona kabla hajavua viatu.

"Umeitoa wapi?" aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nilimwambia akae.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Ulinipeleka kwenye kile kipimo. Ulinishikia mkoba. Nilitapika kwenye kanga yangu mbele yako, na wewe ulikuwa unajua."

"Ningekukatazaje? Ungeuliza kwa nini."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi, nikitafuta namna ya kulielewa vizuri zaidi. Sijaipata. Aliniacha nilale kwenye meza ile mara mbili ili nisiulize swali. Nilimwuliza kuhusu harusi ya ndugu yake, wakati dada yake anasema shamba bovu. Alisema aliumia sana siku ile. Aliumia yeye. Nilicheka, na kicheko changu kilimwogopesha, kwa sababu alisimama na kufunga dirisha ili majirani wasisikie.

"Kesho tunakwenda Nansio," nilimwambia. "Utamwambia mama yako."

"Mama atakufa."

"Hatakufa. Mimi nimeambiwa mara ngapi na sijafa?"

Tulivuka asubuhi, tumekaa kwenye kivuko kama watu wasiojuana. Alijaribu kuninunulia chai nikakataa. Mama mkwe alitupokea vizuri sana, kama kawaida yake, alikuwa ameshaweka viazi vitamu na sato mezani. Ni mwanamke mrefu, mjane, aliyelima muhogo na kusomesha watoto watano. Nilimheshimu. Nilikunywa mizizi yake kwa sababu nilimheshimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Ile dawa umeimaliza? Nimekuchimbia nyingine."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachambua miiba ya samaki. Nilingoja mpaka akamaliza kipande chote, akaanza kingine. Ndipo nikaelewa kwamba hatasema, si siku ile wala siku nyingine. Nikatoa karatasi kwenye mkoba na kuiweka kando ya sahani ya viazi.

"Mama," nilisema, "hii ni ya mwanao. Alipima mwaka tuliooana. Hana mbegu. Mimi sina tatizo na sijawahi kuwa nalo. Amejua siku zote hizo."

Nilitegemea alie, au abishe, au aniite mwongo. Hakuigusa ile karatasi. Alifunika chombo cha viazi kwa kawa, taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Alipokuwa darasa la saba aliumwa matumbwitumbwi," alisema. "Yakamshukia chini. Alivimba wiki mbili, hawezi kutembea. Daktari aliniambia huenda baadaye ikawa shida."

Nilidhani sijamsikia vizuri. "Ulijua?"

"Nilihofu. Kujua ni kwa Mungu."

"Na mizizi uliyokuwa unanitumia?"

"Nilikuwa na matumaini, mwanangu. Mama huwa na matumaini."

"Ulimruhusu binti yako anitukane mbele ya watu."

Akanitazama moja kwa moja, na alichosema alikisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja bei ya kitu. "Ningekuambia, ungeolewa naye?"

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, na hawakustahili kulisikia. Ningeolewa naye. Nilimpenda yule mtu mpaka nikawa nacheka peke yangu nikiwa kazini. Tungelea mtoto wa ndugu, au tungekaa wawili, au tungelia pamoja kisha tukaendelea. Nyumba isiyo na mtoto ningeiweza. Nilichoshindwa ni kuwa yule anayelazwa mezani ili mwingine abaki na shingo yake nene.

Nilirudi Mwanza siku ileile kwa kivuko cha mchana, peke yangu. Ndani ya wiki nikapata vyumba viwili Nyegezi, nikahamisha vitabu, nguo na jiko.

Wazee wa kanisa walituita. Walikuwa watatu, wanaume wote, na mmoja alikuwa mstaarabu kweli, aliniandalia kiti mwenyewe. Aliniambia mke ni nguo ya mume, kazi yake ni kumsitiri, na jambo kama lile halikupaswa kutoka nje ya chumba. Nilimwuliza kama yeye alijua kwamba kwa miaka minne mimi niliwekwa uchi mbele ya madaktari, mbele ya jumuiya na mbele ya ukoo mzima. Nani alinisitiri mimi? Akasema hasira yangu inamzuia Roho kufanya kazi. Nikamwambia hasira yangu ndiyo iliyonileta pale kwa miguu yangu, bila hiyo ningekuwa kitandani. Kikao kiliahirishwa na sikuitwa tena.

Mjini ilienea habari kwamba niliondoka kwa kiburi cha elimu. Wengine walisema nimekimbia aibu ya ugumba. Mume wangu hakukanusha. Sijui kama aliianzisha yeye habari hiyo, ila najua alikuwa na mdomo wa kuikanusha na hakuutumia.

Kazi haikusimama. Nilikuwa nakaa maabara na vipande vyangu vilivyoganda, nasoma ni jeni zipi zinasema na zipi zimenyamaza, na mara nyingine ilibidi nitoke nje nikae ngazini kwanza. Kwenye madume wasio na mbegu niliona kitu kilekile tena na tena: upande wa homoni, kila kitu kinafanya kazi vizuri, kwa nguvu zote; upande wa mbegu, kimya. Mwenzangu wa maabara aliniuliza kwa nini ninagonga vioo mezani namna ile. Nikamwambia vimenichosha.

Baada ya kama mwaka na nusu nilisikia mume niliyemwacha ana mwanamke mwingine. Niliambiwa ni binti wa Kirumba, anauza dagaa sokoni Mwaloni, hajawahi kuolewa. Nilijiambia hayanihusu. Nilijiambia hivyo karibu mwezi mzima. Kisha asubuhi moja mtu akanisalimia njiani na kuniambia kwamba mama mkwe wangu wa zamani alionekana kwenye kivuko na kifurushi cha mizizi. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda Mwaloni.

Nilimkuta kwenye banda lake, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, anapimia wateja dagaa kwa kopo. Nilingoja wateja waishe. Nikajitambulisha.

Hakushtuka. "Nakujua," alisema. "Nimeona picha yako. Umekuja kwa wivu, dada?"

"Hapana. Nimekuja kwa hasira."

"Kwangu?"

"Si kwako."

Nikamwambia yote, kwa kifupi, nimesimama, harufu ya dagaa imenijaa puani. Karatasi, tarehe, meza ya chuma, matumbwitumbwi. Nilimwambia, "Wakikuambia upime, mwambie aanze yeye. Au umwombe ile karatasi, anayo. Zaidi ya hapo sina ninachotaka kwako."

Aliendelea kuchambua dagaa, anatoa mawe na vipande vya majani, anatupa pembeni. "Nimekusikia," alisema mwishoni. Akaniomba namba ya simu. Nilimpa, nikaondoka, na njiani nikajiona mjinga.

Alinipigia baada ya siku nne. Sauti yake ilikuwa ileile, tulivu.

"Dada, nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Alikiri. Siku ileile. Nilimwuliza tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini akaniambia ndiyo, ni yeye, hawezi kuzaa. Akalia kidogo. Nimemwambia sina shida, nina mtoto wa marehemu dada yangu, tutamlea huyo. Na mama yake nimemrudishia mizizi."

Nilimwambia vizuri. Nilimwambia nimefurahi, na ilikuwa kweli, nilifurahi kwa ajili yake kwa muda wa kama pumzi mbili. Tuliagana. Nilibaki na simu mkononi kwenye korido ya maabara, watu wanapita wananisalimia.

Sentensi moja. Alikuwa nayo tayari mdomoni, ilihitaji tu mtu kumwuliza huku wakila. Lakini mimi nilimwuliza. Nilimwomba apime, nikamwomba kwa upole, na akanijibu kwamba mimi mwenyewe najua yuko sawa. Kwa hiyo haikuwa aibu tu, kama watu wanavyonifafanulia wakitaka nimwonee huruma. Aibu ingemfunga mdomo kwa wote. Mimi alinipima, akaona kwamba nitavumilia, na akaniacha nivumilie.

Watu huniuliza kama nimesamehe. Wanauliza wakiwa wameshainamisha kichwa upande, wakingoja jibu zuri. Ninawaambia bado. Nina miaka thelathini na tisa, nalala vizuri, nakula vizuri, wiki ijayo nina safari ya Magu kwa mfugaji anayelalamika kwamba majike wake ni wabovu. Nimeshamwambia kwenye simu kwamba sitagusa jike hata mmoja kabla sijamwona dume. Alinung'unika. Nikakata simu.